Saini Niliyoifuata Kasulu

Shaka lililoninyima usingizi lilitokana na kijisanduku kimoja cha fomu. Kwenye ukurasa wa pili wa fomu ya afya ya dereva kulikuwa na swali: je, mwombaji ana hali yoyote inayoweza kumzuia kuendesha gari la abiria kwa usalama? Chini yake palikuwa na vijisanduku viwili, ndiyo na hapana. Nilitia vema kwenye hapana, nikaandika jina langu, nikasaini, nikagonga muhuri. Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Usiku wa Alhamisi sikulala, na wa Ijumaa pia.

Kilichonifanya nikeshe hakikuwa ugonjwa wa yule mtu, maana nilikuwa nimeusoma kwenye faili lake mpaka naujua kwa moyo. Swali lilikuwa la aibu zaidi. Nilisaini kwa sababu alikuwa mzima, au kwa sababu alinichekesha?

Nilikuwa na miezi saba Kibondo, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Kwetu ni safari ya siku mbili. Nilipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja ambaye ukoo wake ulitoka Tanga. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kiswahili cha kwao kilichonyooka, akaniuliza nimeamkaje, na kabla sijajibu mteja alikuwa ameshaingia. Kazini wenzangu walizungumza Kiha, lugha ya huku, wakati wa chai, wakicheka. Nilipoingia walihamia Kiswahili kwa heshima yangu, na hadithi ikaishia hapo. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nilikuwa tu kama kiti kilichoongezwa mezani baada ya watu kushiba.

Hata salamu zilinishinda. Watu wa huku husalimiana kwa muda mrefu. Wakikutana njiani huinama kidogo, hupiga makofi ya taratibu kwa mikono yote miwili, huku wakiulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nilijifunza kusema mwakeye, salamu ya asubuhi, na makofi yake nikayajua. Lakini sikujua kinachofuata. Mara nyingi nilijikuta bado napiga makofi na mtu ameshapita.

Tena mimi ni mtu wa kurudi nyuma. Nikifunga kabati la dawa, nikifika getini narudi kuhakikisha nimelifunga. Nikituma ujumbe nausoma tena mara nne nikitafuta neno linaloweza kumuudhi mtu. Kwa hiyo usiku ule wa Alhamisi nilijiambia: hii ni tabia yako, lala. Sikulala.

Yule dereva alikuwa mtu wa kijiji cha Kitahana, wa makamo, umri wa baba yangu mdogo. Zaidi ya miaka kumi aliendesha haisi ya abiria kati ya Kibondo na Kasulu. Kisha akaugua. Ugonjwa wake ni ule unaompandisha mtu na kumshusha: kuna majuma anapaa, halali, ana mipango elfu na maneno hayamwishi, kisha huporomoka. Alipokuwa anaumwa, leseni yake ya kubeba abiria ilikwisha muda. Ili aipate tena alihitaji daktari aandike kwamba anafaa kuendesha. Bila karatasi hiyo asingepewa gari na tajiri yeyote, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Daktari mwenyewe ndiye mimi.

Chuoni tulifundishwa jambo hili kwa alasiri moja tu. Mwalimu alisema jina la ugonjwa haliendeshi gari, anayeendesha ni mtu. Usimnyime mtu leseni kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye faili, na usimpe kwa sababu ya huruma. Uliza ametulia kwa muda gani. Uliza kama anakunywa dawa, kama zinamlaza, kama anajijua ugonjwa unapoanza kumjia. Halafu waulize wanaoishi naye. Hilo la mwisho nililipigia mistari miwili kwenye daftari langu, na daftari nilikuja nalo Kibondo.

Alikuja kwangu mara ya kwanza mwezi mmoja kabla ya Alhamisi ile. Alikaa ameweka mikono katikati ya magoti. Kila swali lilichukua muda kumfikia, na jibu likachukua muda kurudi.

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Zinakulaza?"

Alifikiri mpaka nikaanza kuandika. "Mwanzoni zilinilaza. Sasa hapana. Zinanipunguza tu."

"Zinakupunguza nini?"

"Maneno."

Kwenye faili niliandika: mzito, majibu yanachelewa. Nikamwambia kwa upole niliojisifu nao moyoni, "Baba, naona bado uko mzito kidogo. Usiwe na haraka. Ukichangamka, njoo nitakusainia." Aliitikia kwa kichwa, akachukua fomu yake tupu, akaikunja mara mbili, akaondoka. Jioni ile nilijiona daktari mwangalifu.

Alhamisi aliporudi nilimsikia kabla sijamwona. Alimsalimia mlinzi, akawasalimia wafagiaji, akaipitia benchi nzima ya wagonjwa, mmoja mmoja, kwa makofi. Alikuwa na ndoo ya asali na chupa tupu za maji, akawa anamimina na kugawa. Aliingia chumbani kwangu akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akainama mpaka kalamu zikamdondoka mfukoni.

"Dada dokta! Mwakeye!"

"Mwakeye," nikasema, nikapiga makofi yangu.

Safari hii mtu hakupita. Alisimama palepale ananiangalia, anangoja.

"Hiyo salamu yako haina mkia," akasema. "Unaikata kama mkate. Ukishasema mwakeye unauliza nyumbani, halafu watoto, halafu ng'ombe."

"Na kama hana ng'ombe?"

"Unamuuliza hivyohivyo. Unampa heshima ya ng'ombe."

Nilicheka. Nikampima macho, nikampima presha, nikamwonyesha alama za barabarani. Nikamwambia ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, akaitaja haraka kuliko ninavyoweza mimi, kisha akaniambia mwezi gani maharage yanapandwa na mwezi gani barabara ya zamani ilikuwa haipitiki.

"Pombe?"

"Niliacha. Pombe inanisinzisha, na mimi kusinzia sina muda nako."

"Dawa?"

"Dawa kwangu ni kama chai, dokta."

Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu siku aliyougua. Akavuta kiti karibu. "Siku ile nilipitiliza Kasulu. Nikaona njia nzuri, abiria wazuri, kwa nini tuachane? Nikawapeleka Manyovu mpakani wakaone malori yanayovuka kwenda Burundi. Wabadilisha fedha wakatukimbilia, wakidhani nimeleta msafara wa harusi. Bibi mmoja akaniuliza, bwana harusi yuko wapi? Nikamwonyesha konda. Konda akalia!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. "Ndiyo, nilikuwa naumwa," akasema, akinyoosha kidole kama anayenirudisha kwenye kazi yangu. "Lakini safari ilikuwa nzuri." Nikaandika kwenye faili: anautambua ugonjwa wake.

Kisha akaniuliza, "Hapa Kibondo una nani?"

"Nina wagonjwa."

"Wagonjwa si watu wa kula nao. Utakuja kwangu Kitahana, mke wangu akupikie. Dokta mzima anakula peke yake kama paka wa dukani!"

Kwa miezi saba hakuna mtu aliyekuwa amenikaribisha kula kwake. Nilisaini baada ya sentensi hiyo. Mpangilio ninaukumbuka vizuri, kwa sababu nimeupitia mara nyingi: kicheko, mwaliko, kalamu.

Ijumaa asubuhi nilimfuata muuguzi mkuu wa zamu, mama aliyefanya kazi pale tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuwa anapanga mafaili.

"Yule dereva wa jana," nikaanza.

"Asali yake nimeshaionja. Nzuri."

"Nafikiri nimeharakisha kusaini."

Aligeuka. "Umeharakisha? Wengine hapa wanapimwa macho na presha, kwaheri. Wewe umemzungusha mtu mzima mwaka mzima kinyumenyume kama mtoto wa darasa la tatu."

"Naogopa nimekosea."

"Dokta, wewe unaogopa hata kabati. Ijumaa iliyopita ulirudi kuliangalia mara ngapi?"

"Mbili."

"Tatu. Nilikuwa dirishani." Akacheka bila ubaya, akarudi kwenye mafaili yake.

Nilitoka nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia. Alikuwa amesema kweli. Mtu anayeogopa kila kitu hana wa kumwambia anapoogopa kitu cha kweli, na yeye mwenyewe hawezi kukitofautisha. Hofu yangu ya dereva na hofu yangu ya kabati zilikaa mahali pamoja kifuani, zikapiga kwa sauti moja.

Jumamosi nilikwenda stendi kunywa chai. Kuna mama anayeuza chai na chapati pembeni ya haisi za Kasulu, na Jumamosi nyingi nilikaa kwake, kwa sababu stendi mtu anaweza kuwa peke yake bila kuonekana. Sikukusudia kumuuliza chochote. Siri ya mgonjwa ni siri, na nilishajionya njia nzima. Lakini juu ya meza yake palikuwa na chupa ya maji iliyojaa asali.

"Asali nzuri," nikasema.

"Ya zawadi hiyo! Ya dereva wetu. Amerudi, dada. Amerudi mwenyewe. Alipokuwa anakunywa midawa yake alikuwa gogo. Unampa salamu nzima, anakurudishia robo."

Mwanamke mwingine, muuza ndizi anayesafiri kila juma kwenda Kasulu, alikuwa anachovya chapati kwenye chai. "Watu hapa stendi walishaanza kusema ana roho mbaya. Mimi nampenda akiwa hivi. Hata nauli anasahau kudai."

"Akiwa hivi vipi?" nikauliza.

"Akiwa mtu wa watu. Na heshima yake sasa! Madereva wengine wakikuona barabarani wanakupigia honi kama wanafukuza mbuzi. Yeye akimwona mzee anamsalimia inavyotakiwa. Mikono miwili."

"Anasimamisha gari?"

Walitazamana, wakaangua kicheko.

"Asimame kwa kila mzee, atafika lini?" akasema mama wa chai. "Gari linakwenda. Anaachia usukani, anapiga makofi, anainama, anashika tena."

"Ile safari ya Manyovu nilikuwemo," akasema muuza ndizi. "Hakuna mzee aliyepitwa. Pale darajani tu ndipo tulishtuka kidogo, maana walikuwa wazee wawili, na kila mmoja alitaka makofi yake."

"Na juzi Alhamisi jioni kapita hapa," akaendelea mama wa chai, "anampelekea mwenzake gari gereji. Mikono juu hivi! Stendi nzima tukamjibu."

Kikombe changu kilikuwa bado kimejaa, nikakiacha. Wale wanawake hawakuwa wajinga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mahali ambapo heshima hutolewa kwa mikono miwili, mtu anayeitoa hata akiwa kwenye usukani anaonekana amezidi wema. Waliona ukarimu, wakafurahi. Mimi nilifundishwa miaka mitano kuuona ugonjwa huu, ukakaa mbele yangu umevaa shati jeupe, nami nikafurahi vilevile. Wakati wa ile safari ya Manyovu mashimo yalikuwa yanamlazimisha kila dereva kwenda polepole. Sasa kulikuwa na lami mpya, gari linateleza, na watoto wa shule hutembea ukingoni mwake.

Nilichukua bodaboda moja kwa moja hadi Kitahana.

Mke wa dereva nilimkuta uani anaanika mihogo juu ya turubai. Alikuwa wa familia iliyokuja kutoka Burundi zamani kama wakimbizi na sasa ni raia, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa mdundo wa Kirundi. Nilianza kujitambulisha, akanikatiza.

"Nakujua. Wewe ndiye wa fomu."

"Baba yupo?"

"Ameondoka asubuhi kwenda Kasulu. Atalala kwa binamu yake, ili Jumatatu awe wa kwanza kwenye ofisi ya leseni."

"Mama, analala usingizi?"

"Nani, yeye?" Alicheka bila furaha. "Leo siku ya sita. Analima kwa tochi. Mizinga yote ameimaliza, asali amegawa yote. Nikimwambia pumzika, ananiambia nitapumzika nikifa."

"Na dawa?"

Aliingia ndani, akatoka na pakiti, akaniwekea mkononi. Ilikuwa imejaa. Niliigeuza kutazama lebo. Ilikuwa ile niliyompa mimi mwezi uliopita.

"Aliacha lini?"

"Siku ileile aliyotoka kwako."

"Kwa nini aliacha?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza nani kavunja kibuyu huku kipande amekishika. "Si wewe ulimwambia achangamke? Alirudi hapa akakaa pale kwenye kigoda. Akasema, dokta anasema nikichangamka atanisainia, na hizi dawa ndizo zinazonizuia kuchangamka. Nikamwambia, mume wangu, mimi ukimya wako nimeuzoea. Akaniambia leseni haitolewi na wewe."

Niliketi kwenye ukingo wa turubai, juu ya mihogo ya watu.

"Mimi nilidhani ni dawa zimemfanya mzito," nikasema.

"Mzito gani? Huyo ndiye mwenyewe. Aliponioa alikuwa hivyo. Swali la leo anakujibu kesho. Baba yangu alimpenda kwa hilo." Akainama kugeuza mihogo. "Huyu anayechekesha watu ndiye simjui."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nije kusema mume wangu ameharibikiwa akili, mbele ya benchi la watu? Mana yanje!" Akamwita Mungu wake kwa lugha ya mama yake, akaendelea kugeuza. "Na wewe hukuniita."

Ni kweli. Mistari miwili chini ya maneno *waulize wanaoishi naye*, na sikumwita.

Jumapili niliandika barua. Niliiandika mara sita. Katika ya kwanza nilieleza mno, nikaona nimetoa siri za mgonjwa kwa mtu asiyehusika. Katika ya pili nilijitetea. Ya tatu ilikuwa imejaa samahani mpaka haikueleweka inaomba nini. Katikati ya kuandika nilifikiria kuacha. Nilijiambia huenda atatulia mwenyewe, huenda hatapata gari. Nilijiambia pia kwamba nikimnyima sasa nitakuwa nimempokonya riziki kwa kosa nililolifanya mimi, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikamfikiria mama yangu akija kunitembelea, anashuka basi Kasulu, anatafuta haisi ya Kibondo, na dereva mcheshi anampokea mzigo. Ningempigia simu nimwambie panda? Nilijua jibu kabla swali halijaisha. Lilikuwa jibu la kwanza kwa siku nyingi ambalo sikulirudia.

Barua ya sita ilikuwa na sentensi tatu. Cheti cha afya nilichosaini Alhamisi kilitolewa kabla ya uchunguzi kukamilika. Kosa ni langu, si la mwombaji. Naomba kisitumike mpaka nitakapotoa kingine. Nikampigia mkuu wangu wa kazi, nikamweleza kila kitu. Akasema, "Basi nenda Kasulu."

Jumatatu tuliondoka Kibondo na gari la kwanza, mimi na mke wa dereva, pakiti ya dawa ikiwa kwenye mkoba wake. Nilitazama mikono ya dereva wetu njia nzima.

Kwenye ofisi ya leseni alikuwa wa tatu katika foleni. Shati lilikuwa lilelile jeupe, sasa lina vumbi mabegani. Alikuwa anasimulia kitu na foleni nzima imegeuka kumsikiliza.

"Haa! Dokta wangu huyu!" akapaza sauti. "Jamani, huyu ndiye dokta. Msimwone mdogo. Amesoma mpaka akabaki ngozi!" Watu wakacheka, wakanisalimia. Kwa dakika moja nilikuwa na watu kumi na watano wanaonifurahia, na nilikuwa nimekuja kumharibia aliyewaelekeza kwangu.

Nikamwomba tusogee pembeni, ukutani. Mke wake akasimama upande wake mwingine.

"Baba, nimekuja kuiondoa saini yangu."

"Saini inaondolewa? Si mwavuli kwamba umeusahau."

"Nilikosea kusaini. Hujawa sawa. Dawa umeacha, na hulali. Na Alhamisi uliachia usukani stendi."

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliliacha. "Mwezi uliopita nilikuwa mzito, ukaninyima. Sasa ni mwepesi, unaninyima. Hebu niambie, dokta, unataka niwe na kilo ngapi?"

"Mwezi uliopita ndipo nilipotakiwa kusaini."

"Sema tena."

"Mwezi uliopita ulikuwa mzima. Nilikuwa sijui kukusoma. Kosa langu lilianzia pale, na wewe umeumwa kwa ajili yake."

"Yule gogo ndiye alikuwa mzima?"

"Ndiye."

"Unajua yule alikuwa anaishije?" Sauti yake ilipanda, foleni ikanyamaza. "Stendi nzima hakuna aliyemkalisha chini akamwambia karibu chai. Hakuna! Watu wananipenda hivi. Wewe mwenyewe ulinipenda hivi."

"Ni kweli. Ndiyo maana nilisaini."

"Basi mgonjwa ni wewe."

"Huenda," nikasema. "Lakini mimi sibebi abiria."

Sikukusudia kumchekesha na hakucheka. Mkewe alitoa pakiti na chupa ya maji. "Baba watoto, kaa hapa kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini. Hakukaa. Aliitia fomu mfukoni, akaubana mfuko kwa kiganja.

"Hii siitoi."

"Siitaki fomu. Nina barua. Leo hii tunarudi wote kliniki unaanza dawa upya. Ukitulia miezi mitatu, nitamuuliza mama hapa kwanza, halafu nitasaini. Hata ukinijibu swali la leo kesho."

"Na barua unaipeleka?"

"Naipeleka."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukiniomba."

Alivuta pumzi. "Basi nakuomba," akasema. Lilikuwa neno la kwanza la polepole nililomsikia akilisema tangu Alhamisi, na nusura linishinde. Nilimwona alivyokuwa mwezi ule, mikono katikati ya magoti. Mlangoni waliita mtu anayefuata. Mke wake aliweka mkono mgongoni kwake, akauacha hapo, akaniashiria kwa kidevu niende.

Niliingia. Ofisa alikuwa kijana kama mimi, anapiga miayo. Nikamwambia mimi ni nani na natoka kituo gani, nikampa barua. Aliisoma, akairudia.

"Una hakika, dokta? Maana ukishaandika hivi, kwenye mfumo ombi lake linasimama."

"Nina hakika."

"Andika jina lako hapa chini kwa herufi kubwa, na namba ya simu, halafu usaini tena."

Nje nilimsikia dereva anaanza kusema kitu. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, nikaandika namba, nikasaini, nikamrudishia ofisa kalamu yake.